Luqmani Alikuwa Tatu

Habari hii aliyeanza kuisimulia ni shangazi yangu, Bi Mwamvua wa Pongwe, mwaka 2021, wiki chache baada ya msiba wa Luqmani. Mwanawe Mselem, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, alizaliwa na akili inayokwenda taratibu. Magoti ya shangazi yalipochoka, alitaka mwanawe ndiye apeleke birika la kahawa kijiweni; ikishindikana, kazi apewe mpwa wake wa Horohoro, na Mselem arudi kushinda ndani. Hesabu za vijiti hazikumwingia. Dada yake Nasma akamfundisha kwa watu wa benchi, kwa jinsi walivyozoea kukaa: Wilfred moja, Sabiri mbili, Luqmani tatu, Hatibu nne. Mtu mmoja, kikombe kimoja. Hiyo ikakaa.

Kisha Luqmani akafariki. Tangu hapo Mselem alimimina moja, mbili, akaitazama nafasi tupu, akakwama. Hatibu, waliyemwita Redio, akawa haonji kitu, na birika likirudi nyumbani na kahawa yake. Shangazi akamwita mpwa.

Asubuhi moja Wilfred aliwaambia wenzake kwamba mpwa anafika kesho. Wakaanza kubishana, Mselem amesimama mbele yao na birika mkononi.

— Redio, sogea ukae tatu, alisema Wilfred.

— Mimi nne tangu mwaka jana. Leo mnishushe?

Sabiri akapendekeza waivae kofia ya marehemu kwa zamu. Wilfred alisema Mselem anawajua kwa sura, si kwa kofia. Ndipo Sabiri akaja na kubwa zaidi.

— Basi tuifute tatu. Iwe moja, mbili, nne.

— Na magharibi utaswali rakaa ngapi, shekhe? aliuliza Hatibu.

— Hata kwetu Walutheri wa Utatu haipiti, alisema Wilfred.

Walicheka. Mselem hakucheka.

Wakati huo akaja Eliudi, fundi baiskeli aliyehamia juzi. Aliwaamkia, akaketi mwisho wa benchi, baada ya Hatibu. Walimweleza kwamba hapa kahawa hutolewa kwa namba.

— Na mimi ni wa ngapi?

Wakahesabu upya. Ukimtoa Luqmani, Hatibu anashuka. Ukimwacha, marehemu anamiminiwa kahawa.

Mselem ndiye aliyesogea. Alimmiminia Wilfred, akammiminia Sabiri. Akachukua kikombe kitupu, akakifudikiza kwenye nafasi ya Luqmani.

— Tatu, alisema. Hanywi.

Akamjazia Hatibu, nne. Mbele ya Eliudi alisita. Tano Nasma alikuwa ameitaja mara nyingi, ila haikuwahi kuwa na mtu.

— Tano.

Akamimina.

Mpwa alifika kesho yake, akala chakula cha mchana, akarudi Horohoro.

Shangazi alifariki mwaka juzi, na Wilfred baada yake. Sabiri, Hatibu, Eliudi na Nasma wako hai. Mselem yu hai na birika ni lake. Benchi limeongezeka watu: anahesabu hadi tisa, na humimina saba.