Mzee Faustino Ocen na Trekta Lililosubiri Vifaranga

"Mama Alum, sasa huyu afande akistaafu, utamweka wapi mchana kutwa?"

Swali hilo Nerima, mke wa marehemu, aliulizwa na jirani yake Joska mwaka 2018, wakichambua mchele nje ya nyumba kule Kisugu, Kampala. Joska aliuliza kwa kucheka, na Nerima naye akacheka, lakini moyoni hakucheka. Alikuwa amewaona wenzake Mzee Ocen waliotoka kazini kabla yake. Walikuwa watu wenye nguvu, waliozoea kupigiwa saluti. Walikaa nyumbani mwaka mmoja, wakakaa wa pili, na habari yao iliyofuata ikawa ya mazishi. Ndugu waombolezaji, maisha ya Mzee wetu tutayasoma kwa utaratibu wake, lakini ijulikane tangu mwanzo kwamba swali hilo Mungu alilijibu vizuri.

Marehemu Faustino Ocen alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa Aromo, wilaya ya Lira, kwa Mzee Okwir na Mama Acen. Alikuwa pacha. Ndugu yake Opio ndiye aliyetangulia kuja duniani, na ndiye aliyetangulia kurudi kwa Mungu, kabla hawajatimiza mwezi. Mama yao alikuwa akisema kwamba mtoto aliyebaki anakula kwa niaba ya wawili, na wote waliowahi kumpikia wanajua mama hakusema uongo. Alibatizwa mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Akiwa darasa la sita alifungua baiskeli ya mwalimu mkuu ili ajue inalia wapi. Akapajua, ila kuifunga tena kukamshinda, na mwalimu mkuu akaenda nyumbani kwa miguu. Badala ya kumchapa, mwalimu huyo alimwandikia baba yake kwamba mtoto apelekwe ufundi. Basi akaenda shule ya ufundi mjini Lira, na mwaka 1976 akapata cheti cha umakanika.

Mwaka 1980 alijiunga na polisi kama dereva na makanika. Alitumika Mbale, Gulu, na kwa miaka mingi zaidi Kampala, kwenye gereji ya magari ya polisi. Huko ndiko Kiswahili kilikomshika, kikawa lugha ya kazi na baadaye lugha ya nyumba yake. Habari za miaka mibaya ya vita hakupenda kuzisimulia. Watoto wakimuuliza, "Baba, wewe wakati ule ulikuwa wapi?" aliwajibu, "Nilikuwa chini ya gari." Alistaafu mwezi Agosti 2018 akiwa sajini, bila doa.

Nerima alikutana naye kwenye soko la Owino. Yeye alikuwa msichana kutoka Chwele, Kenya, aliyelelewa katika Kanisa la Friends, amekuja Kampala kumsaidia shangazi yake Nanyama kuuza mitumba. Afande Ocen alinunua shati. Jumamosi iliyofuata akalirudisha, eti linambana. Akapewa lingine, na Jumamosi nyingine akalirudisha, eti linampwaya.

Nerima akamwambia, "Afande, mwili wako unabadilika kila Jumamosi?"

Akajibu, "Mwili uko vilevile, dada. Mimi natafuta sababu."

Walifunga ndoa takatifu tarehe 17 Aprili 1993. Mungu akawajalia watoto watatu: Alum, Okwir na Nakhisa. Katika ndoa hiyo Mzee alisali rozari kwa sauti, Nerima akasali kwa kunyamaza kama alivyolelewa, mpaka polepole akaizoea rozari, na Mzee naye akajifunza kunyamaza kidogo.

Sasa tufike kwenye lile swali la Joska.

Miezi ya kwanza ya kustaafu ilikuwa migumu. Mzee aliamka saa kumi na moja, akaoga, akavaa, kisha akakosa pa kwenda. Alianza kukagua sufuria. Alimuuliza Nerima kwa nini makaa hayajapangwa. Halafu akaanza kwenda kwenye baa ya pale kona, ambako maafande wastaafu walikusanyika tangu saa nane mchana, na kila siku akachelewa kurudi kidogo zaidi ya jana. Nerima hakugombana naye. Alipiga magoti akasema, "Bwana, mpe kitu cha kushika mikononi." Hakutaja kitu gani. Angejua angetaja, maana hakuna mke ambaye angeomba trekta.

Mwezi wa Oktoba masista fulani wa upande wa Kyambogo walimwita Mzee awatengenezee pampu ya maji. Nyuma ya jiko lao alikuta trekta dogo la bustani, la zamani sana, lile la kukalia mtu mmoja akikata nyasi. Lilikuwa limeota kutu kila mahali. Juu ya kiti chake kuku alikuwa ameatamia mayai.

"Sista, hii inaenda wapi?"

"Wanunuzi wa chuma chakavu wanakuja kesho, afande. Inapimwa kilo, inakwenda."

"Inapimwa kilo! Sista, hii haijakufa. Imelala tu."

"Basi ichukue wewe. Lakini kuku wangu usimguse. Ngoja atotoe."

Mzee Ocen, ambaye hakuwahi kusubiri chai ipoe, akamsubiri kuku. Karibu kila siku alipanda boda kwenda Kyambogo, mfukoni ana konzi ya mtama. Alisugua magurudumu na kupaka grisi upande ule tu ambao kuku alimruhusu, na akisogea karibu na kiti alidonolewa. Kule baa wenzake wakauliza Ocen amepotelea wapi, na rafiki yake Ochan, aliyetumika naye Gulu, akawajibu, "Mwacheni, anauguza kuku." Walicheka mpaka meza ikatikisika. Nerima hakucheka. Yeye aliona kwamba tangu siku ile ya pampu mumewe hajakanyaga baa, na kwamba usiku anazungumza mwenyewe habari za kabureta. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya kuku.

Vifaranga tisa vilitotolewa salama. Trekta likaja Kisugu juu ya pikapu.

Hapo Mzee alifanya kosa ambalo makanika wa polisi tu angelifanya. Kazini alizoea kwamba akifungua kitu, kuna konstebo wa kukipokea, na kuna stoo ya kukiandika. Kwa hiyo alifungua trekta lote siku moja, akatandaza kila nati na kila boliti juu ya mkeka ambao Nerima alikuwa anaanikia simsim, yaani ufuta. Saa tisa mvua ikanyesha. Nerima na Joska wakatoka mbio, wakakumba vyote kwenye beseni, chuma na simsim pamoja.

Joska akauliza, "Afande, hii tunakaanga au tunafunga?"

Mzee alikaa mbele ya lile beseni, hata chai hakuinywa. Nerima aliogopa kwamba kesho yake atarudi baa. Basi usiku huo huo akatoa mabaki ya vitambaa aliyokuwa ameyaleta kutoka soko la Owino, akashona vifuko vidogo vyenye kamba, kila kimoja na rangi yake. Asubuhi akamwambia, "Baba Alum, kimoja kimoja." Wakachambua pamoja. Kitenge cha maua kikawa cha kabureta, pazia la kijani likawa la breki, na mguu wa suruali ya jinzi ukabeba sanduku la gia. Tangu hapo ndivyo kazi ilivyofanyika nyumbani kwao: hakifunguliwi kitu cha pili mpaka cha kwanza kimeingia kwenye kifuko chake. Aliyepita njia aliweza kusikia Mzee akiita, "Mama Alum, nipe lile pazia!"

Injini ilikuwa imekamata, pistoni haipandi wala haishuki. Mzee aliimwagia mafuta, akaiacha, akaijaribu kwa mkono kila asubuhi baada ya sala, bila kuilazimisha. Siku injini ilipozunguka nusu tu, aliimba. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, na za kununua hazikupatikana popote, kwa hiyo alizipeleka Katwe kwa Ondiek, fundi wa kukereza vyuma.

Ondiek alizitazama zilivyo ndogo, akasema, "Afande, hii ni ya gari ya kubeba watu au ya kubeba panya?"

"Wewe Mjaluo, kereza. Panya pia wana haki ya usafiri."

Tarehe 19 Machi 2019, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, Nerima alikuwa anakanda unga aliposikia kishindo, kisha ngurumo ndogo isiyokatika. Alitoka na unga mikononi. Trekta lilikuwa linatetemeka lote, na Mzee juu yake anatetemeka pia, machozi yanamtoka, anasema ni moshi. Moshi ulikuwepo kweli. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya Joska.

"Afande! Nguo zangu zimekuwa za Jumatano ya Majivu!"

Mzee akashuka, akamfulia mwenyewe.

Chombo kikishatembea kinataka kazi, na kazi ilipatikana kanisani. Uwanja wa parokia yao ulikuwa unafyekwa kwa mkono, na nyasi zilikuwa zinawashinda wafyekaji. Mzee akaomba Ijumaa iwe siku yake. Ijumaa ya kwanza Ochan alikuja kuangalia ili apate cha kusimulia baa. Ijumaa ya pili alishika spana. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wastaafu watano, wamevaa kofia zao za zamani, mmoja anaendesha, mmoja anaokota mawe mbele, na watatu wanatoa amri ambazo hakuna anayezitii. Mke wa Ochan alimwambia Nerima, "Dada, siku hizi mzee wangu ananuka petroli. Mungu asifiwe."

Mwaka 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, nyasi hazikufungwa. Mzee alikwenda peke yake kwa ruhusa ya padri. Njiani askari kijana alimsimamisha. "Mzee, magari hayaruhusiwi."

"Kwani hii ni gari, mwanangu? Hiki ni kiti."

Askari alikizunguka kile kiti, akacheka, akampigia saluti.

Baadaye lilifuata trekta la pili, kutoka kwa mjane mmoja wa Jinja, na la tatu, kutoka kwa mwalimu wa Kyambogo. Watu walikuja kumuuliza namna ya kuanza kazi hii, na jibu lake lilikuwa lilelile: "Chukua iliyokamilika hata kama imekufa, acha iliyopakwa rangi nzuri na haina viungo. Usiipake rangi kabla haijaunguruma. Na uwe na mke mwenye vitambaa." Hilo la rangi alilijua kwa gharama, maana la pili alilipaka buluu ya polisi kabla ya kuliwasha, na siku lilipowaka mafuta yalivuja yakabambua ubavu mzima.

Mwezi Februari mwaka huu moyo wa Mzee ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alilazwa hospitali mara mbili, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Alipokatazwa kuendesha alitii, jambo lililowashangaza wote. Ijumaa wenzake walimkalisha kwenye baraza ya kanisa. Alifumba macho, akasikiliza, kisha akapaza sauti, "Ochan, mkanda umelegea!" Wakazima, wakatazama. Umelegea kweli.

Nerima alimuuliza siku moja kama kuna kinachomsumbua moyoni. Alisema kifo hakimsumbui, ameshaungama. Kinachomsumbua ni wale wazee. Aliona kwamba akiondoka watakaa kumlilia, watazoea kukaa, na kutoka hapo wataanza tena kukutana saa nane mchana kwenye baa ya pale kona.

Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, saa moja asubuhi, nyumbani kwake Kisugu, akiwa amepokea sakramenti, Mzee Ocen alikata roho. Nerima alikuwa amemshika mkono, wako kwenye fumbo la tatu la rozari. Aliimaliza peke yake, kwa sauti, kwa niaba ya wawili.

Leo, Jumatano tarehe 10 Septemba, tunamlaza hapa Aromo alipozaliwa. Ameacha mjane, Nerima, watoto watatu, Okwir, Nakhisa, na Alum pamoja na mumewe, wajukuu wanne, dada yake Ayot, jirani yake Joska, ambaye hakubali kutoandikwa, rafiki yake Ondiek, rafiki yake Ochan na wenzake watatu wa siku ya Ijumaa, na matrekta matatu, mawili yanatembea na moja limefunguliwa nusu, viungo vyake viko salama kwenye vifuko.

Bwana aliyempa mikono, na akaipa mikono hiyo kazi mpaka mwisho, ampokee na kumpumzisha katika amani yake.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kufariki, Mzee alimwomba mkewe jambo moja. Wenzake wako hapa kando ya kaburi wanasikia, kwa hiyo tunalisoma kama alivyolisema:

"Mama Alum, mkishanizika, wale wazee wasikae Aromo wiki nzima kunililia. Walishe, wapande basi, warudi Kampala. Ijumaa nyasi za kanisa zitakuwa ndefu. Ufunguo wa stoo ya matrekta mpe Ochan."