Ohnsorg, Aliyekataa Kutia Sahihi

Tarehe 30 Septemba 1879, Profesa Leberecht Ohnsorg anastaafu baada ya kutufundishia sheria kwa miaka thelathini na nane, bila kuhesabu kumi na mmoja aliyokaa uhamishoni. Mkuu wa Chuo ameniomba niandike mimi maneno haya ya kumuaga kwa kuwa namfahamu kuliko wote. Ni kweli. Hakuna amjuaye mtu kama anayemwonea kijicho.

Tulianza kazi juma lilelile, yeye mwana wa fundi viatu, mimi mwana wa jaji. Kitabu chake kuhusu haki ya mshtakiwa kuhukumiwa hadharani kimechapishwa mara tano. Changu bado kinauzwa, chapa ileile ya kwanza.

Mwaka 1850 mtawala wetu alifuta katiba, akatuletea kiapo cha utii. Ohnsorg, wakati huo mbunge wa waliberali, aliisoma karatasi mara mbili, akairudisha mezani.

"Nimewafundisha vijana kwamba hata mtawala ana sheria juu yake," alisema. "Kesho niwaambie nilikuwa natania?" Akanigeukia. "Na wewe, Egbert?"

Mimi nilitia sahihi. Siku ya tatu Ohnsorg, akiwa amefukuzwa nchini, alivuka mpaka kwa miguu, mkewe Ottilie akisukuma mkokoteni wa vitabu. Nafasi yake nikapewa mimi.

Aliporudi mwaka 1861, katiba ilipokwisha kurejeshwa, wanafunzi waliwafungua farasi wa gari lake, wakalivuta wenyewe hadi chuoni. Nilitazama dirishani. Waziri alitaka kuniondoa ili Ohnsorg arudishwe katika nafasi yake, mwenyewe akakataa.

"Mwacheni mwenzangu, ana watoto wanne. Mimi nipeni saa moja asubuhi, saa isiyo na mwenyewe."

Wanafunzi wakamfuata wote, hata walevi wa bia. Mimi mwenye kipindi cha saa nne nikabaki kuyafundisha mabenchi.

Wema ule uliniuma kuliko kisasi. Juzi nilimwambia hivyo waziwazi, akacheka hadi miwani ikamdondoka.

"Ndugu yangu, hata mimi nilikuonea wivu miaka kumi na mmoja. Wewe ulikuwa unalala kwenu!"

Leo mshtakiwa wa nchi hii anahukumiwa milango ikiwa wazi, na sheria hiyo Ohnsorg aliipigania bungeni mpaka ikapita. Sasa anakwenda mashambani kwa bintiye, kufuga nyuki.

Profesa, chuo kinakushukuru. Nami nina langu: sijawahi kukuomba radhi kwa sahihi ile. Nakuomba leo, kwa maandishi, mbele ya wote. Nenda salama, uishi vyema.