Dedan Mwaura na Goli la Barafu

Ndugu, jamaa na marafiki, haya yangesomwa kwa utulivu, lakini utulivu hatuna. Dedan Mwaura tulimtarajia Desemba, kwa likizo. Ameletwa Machi, kwa jeneza.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981 hapa Njabini, kifungua mimba wa Mama Hannah Wanjiku na marehemu Mzee Kamau. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 1999. Darasani alikuwa wa katikati, wala hakuficha. Uwanjani alikuwa kipa wa mpira wa magongo, na jino moja la mbele alilipotezea huko.

Juni 2006 alienda Doha kuwa askari wa ulinzi, akaishi Al Mansoura. Lindo lake lilikuwa jengo la maduka lenye uwanja wa barafu ndani. Siku moja mwaka 2008, timu moja ya magongo ya barafuni ilikosa kipa, na mchezaji mmoja akamuuliza askari wa mlangoni, kwa mzaha tu, kama anaweza kudaka.

"Magongo nayajua," Dedan akamjibu, "ila hapo chini panateleza."

Walimvisha, akaingia akitembea kama ng'ombe kwenye matope, na akafungwa bao moja tu. Kuteleza alijifunza baadaye. Timu hiyo ilichukua ubingwa wa ligi ya jiji mwaka 2011, 2013 na 2016, yeye akiwa langoni.

Tangu 2010 alikuwa dereva wa basi la wanafunzi. Mwaka huo alimpigia mama simu: "Mami, siku hizi nashika gori ya barafu." Sisi watu wa huku r na l ni mapacha. Yeye alisema goli, mama alisikia gari.

"Barafu ya alfajiri imetuchomea viazi shambani miaka yote," akasema, "na wewe umeifuata mpaka jangwani? Haya, endesha pole pole."

Naye, kwa kuwa alikuwa dereva kweli, akasema sawa. Kanisa hili limeombea breki za gari la barafu kwa miaka minane.

Tarehe 24 Novemba 2012, kanisani Abu Hamour, alifunga ndoa na Cherotich wa Bomet, mhudumu wa hoteli. Walihamia Al Wukair, wakajaliwa binti, Wanjiku, mwaka 2014. Cherotich anasema hakutueleza habari za magongo kwa sababu alidhani tunazijua.

Hapa huandikwa ugonjwa. Hakuna. Alhamisi tarehe 15 Machi 2018 alitoka kazini, akala, akajilaza. Cherotich alipomwamsha aende mazoezini, hakuamka. Daktari ameandika moyo. Mtu wa miaka thelathini na sita, ambaye hajawahi kulazwa hata siku moja, moyo gani?

Jeneza liliwasili Jumatano pamoja na Zuberi wa Tanga, aliyekuwa akinoa vyuma vya viatu vya kutelezea vya timu. Mkononi alishika kofia yenye wavu wa chuma usoni.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha naye?" mama akamuuliza.

"Kuendesha nini, mama? Dedan alikuwa kipa wetu. Bingwa mara tatu."

"Na gari la barafu?"

"Gari gani, mama?"

Mama aliketi. Mahema yalikuwa yameshafika, mchungaji ameshaitwa. Akasema, "Mimi simziki mtu nisiyemjua." Tulimbembeleza, akakataa katakata.

Jana mchana Zuberi alimwekea kwenye simu fainali ya 2016, aliyoirekodi akiwa nyuma ya goli. Mtu amejaa mapedi, uso hauonekani. Mama alitazama. Kisha Dedan akafungwa. Alijipangusa magoti, akaanza kusema peke yake.

"Ongeza sauti," mama akasema.

Zuberi akaongeza. Dedan alikuwa akijigombeza kwa Kikuyu, akijiita mzembe, akijiamuru asimame.

"Huyo ni wangu," mama akasema. "Kesho tumzike."

Ameacha mama yake Hannah Wanjiku, mjane wake Cherotich, binti yake Wanjiku, na mimi mdogo wake, Jeremiah, ninayesoma haya. Mungu amlaze pema. Sisi bado hatujaamini.