Dakika Nne za Benard Kimutai Mosonik

Benard Kimutai Mosonik alizaliwa mwaka 1947 hapa Kiptere, kwenye shamba hili hili mlilolikanyaga mkija. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kiptanui arap Mosonik na Mama Elizabeth, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo, ameketi pale mbele. Siku yenyewe haikuandikwa. Tarehe mosi Januari iliyo kwenye kitambulisho chake alipewa na karani aliyekuwa na haraka zake. Mama anasema ilikuwa wakati wa kupalilia wimbi, mvua ilinyesha wiki nzima, na mtoto hakulia mpaka alipopigwa kofi la pili. Tangu hapo hakuwa mtu wa kelele, na wengi wenu mtalikumbuka hilo mkisikia yanayofuata.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955 na kufanya mtihani wa K.A.P.E. mwaka 1962. Alifika kidato cha pili. Mwishoni mwa 1964 Mzee alivunjika mguu akikata mti, na Kimutai akarudi nyumbani kukamua na kulima. Hakulalamika, lakini Kiingereza hakukiacha. Alisoma hata gazeti lililofungia sukari. Dada yake mdogo, Chelangat, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alijifunza herufi kwake, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Leo amefundisha shule miaka ishirini na sita, na ukuta ule bado una alama.

Tarehe 2 Mei 1967 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho, akawekwa kwenye chumba cha kunyaushia majani. Huko alikaa miaka ishirini na minane. Kwa wasiojua, jani likitoka shambani halisagwi papo hapo. Hutandazwa, hupulizwa hewa, na watu hungoja saa kumi na mbili, pengine kumi na nane, mpaka lilegee lenyewe. Kazi ya marehemu ilikuwa kutia mkono ndani ya majani na kusema kama yako tayari. Mameneja wengi walimharakisha. Yeye aliwaambia, "Bado," na kuendelea kungoja.

Jumamosi tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa na Alice Chepkurui wa Silibwet. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Nelvine. Kama ilivyo desturi ya wengi wetu, mama alibaki hapa na ng'ombe, baba akaishi kwenye nyumba za wafanyakazi kiwandani, akija mwisho wa mwezi. Mnamo Agosti 1979 Chepkurui alimpa pesa na kumtuma Silibwet kwa wakwe akanunue mtamba. Kimutai alirudi siku ya pili juu ya lori la maziwa, bila mtamba, amekumbatia sanduku.

"Mtamba iko wapi?" mama Nelvine alimuuliza.

"Mwalimu Mmarekani anahama," alisema. "Alikuwa anauza vitu."

Ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya kuchezea santuri, transfoma nzito kama jiwe la kusagia, nyimbo za injili, na santuri tatu zilizoachwa na kijana wa yule mwalimu. Zote tatu zilikuwa za bendi moja ya Uingereza iliyoitwa Paraffin Moon. Vijana hao walipiga gitaa na vinanda vya umeme kana kwamba wanasafiri kwenda kwenye nyota na hawana haja ya kufika. Mama Nelvine hajasahau mtamba ule mpaka leo, nami simlaumu.

Mashine aliipeleka kwenye nyumba yake ya kiwandani, penye umeme, nayo ilihitaji fundi. Fundi wa umeme wa kiwanda alikuwa Joab Adongo, mtu wa Nyakach, mcheshi, mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Alikuja kuunganisha waya, akabaki kusikiliza, na hakuacha kuja kwa miaka kumi na miwili. Kila Jumapili saa tisa alasiri, baada ya kanisa, Kimutai aliweka viti viwili mbele ya mashine. Walicheza santuri zile tatu, kisha wakabishana.

"Hii ya kwanza ndio iko na nguvu," Joab alikuwa akisema. "Hiyo ya pili yako ni ya watu wamelala."

"Wewe unataka muziki ikimbie kama lori ya majani," Kimutai alimjibu. "Hii inataka kungojwa."

Santuri ya tatu ilirekodiwa baada ya mpiga gitaa kuondoka. Joab hakuitambua kabisa. Alisema gitaa limeenda, limebaki jina. Kimutai alisema mji haufi kwa sababu mtoto mmoja ametoka. Nilifika pale mara moja nikiwapelekea maziwa ya mursik, nikawakuta wakibishana juu ya jambo hilo, nikacheka, nikaondoka. Sikukaa.

Alichokipenda kuliko vyote ni upande wa pili wa santuri ya pili. Upande wote ni wimbo mmoja. Unaanza polepole, mwimbaji mwenye sauti nzito kama ya mzee wa kanisa anasema maneno machache, halafu gitaa linapanda taratibu mpaka mwisho. Kwenye mashine ya Kimutai wimbo ule ulichukua dakika ishirini na nne. Aliupima kwa saa ya kiwandani.

Mwaka 1990 aliandika barua kwa anwani iliyokuwa nyuma ya jalada. Bendi ilikuwa imevunjika zamani, lakini barua ikafikishwa kwa mashabiki waliobaki, waliokuwa wakitoa jarida dogo mara nne kwa mwaka. Wakaanza kumtumia jarida hilo. Siwezi kuwaeleza furaha yake. Wazungu wazima, wengine wana wajukuu, walikuwa wakibishana kwa karatasi juu ya mambo yale yale aliyobishana na Joab: santuri ipi ni bora, kama ile ya tatu ihesabiwe, kama bendi ile itakumbukwa au ilikuwa kelele tu. Machi 1991 wakachapisha barua yake. Alikuwa ameandika kwamba kwenye dakika ya ishirini na tatu, ukinyamaza sana, unamsikia mwimbaji akivuta pumzi.

Mashabiki walishtuka, kwa maana wimbo wao ulikuwa na dakika ishirini tu. Bwana mmoja wa Leeds akaandika kwamba huenda Kenya kuna chapa ya santuri ile ambayo haijawahi kuonekana. Kwa matoleo matatu ya jarida watu wa nchi mbalimbali walijadili kile walichokiita wimbo wa Kericho. Kimutai alitembea na majarida yale mfukoni mwa koti la kazi. Mtu ambaye kiwandani hakuna aliyejua anapenda nini, alikuwa anajulikana Uholanzi.

Januari 1992 ikaja barua ya mama mmoja wa huko Uholanzi, mhandisi. Aliuliza kwa upole mashine ilitoka nchi gani, na mota yake imeandikwa namba gani, hamsini au sitini. Jumapili hiyo Kimutai alimsomea Joab barua ile, akamwomba aangalie nyuma ya mashine.

"Ni sitini," Joab alisema. Hakuinama kuangalia.

Hapo ndipo Kimutai alipojua. Mashine ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, unaopiga mara sitini kwa sekunde, na kwa umeme wetu wa hamsini ilizunguka polepole, dakika ishirini zikawa ishirini na nne. Hapakuwa na chapa ya Kericho.

"Umejua kutoka lini?"

"Kutoka siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza miaka kumi na mbili?"

"Ulikuwa umeipenda vile iko, Kimutai. Ningesema nini?"

Marehemu alikuwa mpole, lakini mpole akikasirika hana mazoezi ya kurudi. Jumapili tatu mfululizo hakutoa kiti cha pili. Joab alifika mlangoni, akaona kiti kimoja, akaondoka. Hizo ndizo wiki za vita vya kikabila, ambazo nyumba zilikuwa zikichomwa kule Fort Ternan na watu wa ziwani, kabila la Joab, walikuwa wakifunga mizigo. Jumapili ya nne Kimutai alitoa viti viwili. Alingoja. Alipokwenda kuuliza, nyumba ya Joab ilikuwa tupu. Lori lilikuwa limewachukua yeye na familia yake Alhamisi. Kwa mlinzi wa geti alikuwa ameacha kitu kilichofungwa kwa gazeti: kipete kidogo cha shaba alichokichonga kwenye karakana, cha kuvishwa kwenye mota ili sahani izunguke kwa kasi yake ya haki.

Ndugu zangu, jambo hili lilimla kaka yangu kuliko ugonjwa. Alijua Joab aliondoka akiamini kwamba kile kiti kiliondolewa kwa sababu ya kabila. Aliandika barua tatu kwenda Nyakach. Hakuna iliyojibiwa.

Kipete alikivisha mara moja. Alisikiliza wimbo kwa dakika ishirini kamili. Mwimbaji aliyemdhania mzee alikuwa kijana mdogo, sauti nyembamba, ana haraka ya maisha. Kimutai alikitoa kipete, akakiweka kwenye kisosi. Aliniambia, "Ni wimbo mzuri, lakini ni ya watu wengine."

Mwaka 1993 aliandikia jarida barua ya mwisho. Aliwaomba radhi kwa kuwasumbua. Kisha akawaeleza jinsi chai inavyonyaushwa, kwamba jani likikimbizwa halitoi rangi wala harufu, na kwamba yeye ataendelea na dakika zake ishirini na nne, ingawa sasa hajui mtu mwingine duniani anayezijua isipokuwa mmoja. Waliichapisha ukurasa wa nyuma. Hakuna aliyeijibu, na mwaka 1995 jarida lenyewe likafungwa kwa kukosa wasomaji.

Mwaka huo huo alistaafu akarudi hapa Kiptere. Aliwapenda ng'ombe wake, na alikuwa mhazini mwaminifu wa kanisa. Lakini hapa hatuna umeme. Ndipo akaomba mashine ikae kwangu mjini Kericho.

Hapa naacha kujiita Chelangat dada yake. Ni mimi.

Mwaka 1996 alipatikana na kisukari. Kila mwezi alikuja kliniki mjini, na baada ya kliniki alipita kwangu. Aliketi, akakubali chai bila sukari, halafu akaniuliza, "Chelangat, uko na nafasi?" Nami nilikuwa na vitabu vya kusahihisha, au nguo kwenye kamba, au wageni. Nilimwambia, "Siku ingine." Alisema, "Haya," akavuta viti viwili, akasikiliza peke yake kwa sauti ya chini ili asinisumbue. Miaka miwili. Mtu aliyenifundisha kusoma alikuwa akiniomba dakika ishirini na nne.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumanne tarehe 16 Juni mwaka huu. Akina mama wa maombi walikuwa wakifika. Niliingia sebuleni nikamwambia azime.

"Zimebaki nne tu," alisema.

"Siku ingine, Kimutai. Wageni wako kwa mlango."

"Haya," alisema, akainua mkono wa mashine kwa upole kama anayemwinua mtoto aliyelala. Wiki iliyofuata mguu wake ulioza, akalazwa, figo zikafuata. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 9 Julai 1998, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Nilikuwa darasani.

Ameacha mama yake, Elizabeth, mjane wake, Alice Chepkurui, watoto wake Nelvine, Kiplimo na Kipchirchir, dada yake, Chelangat, wajukuu wawili, na ng'ombe sita wanaomjua kwa sauti. Ameacha pia rafiki, Joab Adongo wa Nyakach. Tulitangaza kifo hiki redioni mara mbili kwa jina lake. Hatujui kama alisikia.

Sasa neno la mwisho. Mtaona mashine ile imewekwa kando ya jeneza, na waya unaelekea kwenye jenereta. Nilimwomba mchungaji ruhusa ya wimbo mmoja. Aliniuliza, "Iko na maneno mbaya?" Nikasema haina maneno mengi. Akauliza inachukua muda gani, nikampa jalada asome mwenyewe. Alisoma ishirini, akasema, "Sawa, mwalimu, ishirini na si zaidi." Ndiyo maana programu yenu imeandikwa dakika ishirini. Sikumdanganya mchungaji. Nilinyamaza tu, kama Joab.

Hizo nne zilizozidi ni deni langu, nami nawaomba mnisaidie kulilipa. Hamlazimiki kuupenda. Mtaona ni mrefu, mtaona haufiki. Ketini tu, msiongee, mpaka sindano ifike katikati. Kwenye dakika ya ishirini na tatu kuna mtu anavuta pumzi.

Viti ni viwili. Kimoja ni chake, kitabaki wazi. Cha pili ni cha Joab, na kama yuko hapa katikati yenu, tafadhali apite mbele, kaka yangu alikitoa tena, alichelewa wiki moja tu. Kama hayuko, nitakikalia mimi kwa niaba yake.

Mungu akupe pumziko lisilo na wa kukuharakisha, Kimutai. Niko na nafasi.