Fundi Aliyekatazwa Kuimba

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, hata pale yanaponitia kichefuchefu.

Kaka yetu, mliyezoea kumwita Kinanda, alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, akamaliza shule ya msingi mwaka 1985, huku akichapwa kila mara kwa kugeuza dawati ngoma, na akirudi nyumbani hulalamika kwamba mwalimu anachapa bila kufuata mapigo.

Mwaka 1990 aliingia kwenye ujenzi, akabeba zege hadi akawa fundi, na tarehe 12 Desemba 1998 akafunga ndoa na wifi yangu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, aliowabembeleza kwa gitaa lenye nyuzi nne, ingawa wifi anasema ndilo lililokuwa likiwaamsha.

Siku ya kumwaga zege, mafundi hujipanga ngazini na kurushiana makarai mkono kwa mkono, marehemu akianzisha wimbo na wenzake wakiitikia, na karai hurushwa kwenye kiitikio, hivyo hata aliyegeuka hujua linakuja. Mwezi Machi mwaka huu alikuja msimamizi mpya, akapiga marufuku kuimba, akisema, "Hapa ni kazini, si harusini." Tarehe 14 walimwaga zege kimyakimya, karai likarushwa marehemu akiwa amegeuka, likampiga, akaanguka kutoka ghorofa ya pili, akavunjika uti wa mgongo, na tarehe 2 Aprili akafariki dunia hospitalini. Msimamizi akatangaza kwamba marehemu alikuwa mzembe. Ama kweli, nyani haoni kundule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutufulia, na mafundi wenzake mliombeba juu ya ubao mkilia.

Msimamizi naye yupo, ameleta spika hii kubwa, eti kwa kuwa marehemu alipenda muziki, na asubuhi ameniomba nisisahau kumtaja kwenye shukrani. Nimeona kinyaa. Basi namtaja: ni yule mwenye shati jeupe, ndiye aliyemnyamazisha kaka yangu, na spika yake aondoke nayo.

Pumzika kwa amani, kaka, sisi huku bado tuna hasira.