Ma Jovina, Miaka Thelathini na Minne ya Kuitikia

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Ma Jovina Karugendo anaiaga meza ya simu ya kiwanda chetu cha kukoboa kahawa, Bukoba, baada ya miaka thelathini na minne. Alianza na simu ya kuzungusha namba, ikaja ya vitufe, anamaliza na ya intaneti. Wakulima wa Muleba aliwatambua kwa sauti kabla hawajataja majina. Mzee mmoja, Ta Buberwa wa Rubya, aliwahi kupiga, na kabla hajamaliza salamu akaulizwa: "Jino limeenda wapi?" Kweli lilikuwa limeng'olewa juzi yake.

Mwaka jana uongozi uliamua kuhamia simu ya intaneti. Hilo silipingi, laini ya zamani ilikuwa inakufa kila mvua ikinyesha. Ninachopinga ni namna ya kuchagua. Kamati ililinganisha kampuni tatu kwa jedwali la bei ya mwezi, idadi ya laini na dakika za bure. Mtu ambaye angeishika simu hiyo kutwa nzima hakuulizwa neno.

Ma Jovina alilichukua jedwali akaongeza safu mbili kwa kalamu: umeme ukikatika inakuwaje, na nikiwapigia nani anapokea. Kisha akawapigia. Kampuni ya kwanza, ya bei ya chini kuliko zote, ilimchezea muziki dakika arobaini. Ya pili, mashine iliahidi kwamba atapigiwa. Anangoja mpaka leo. Ya tatu, ya hapa hapa mjini, alipokea binti anayeitwa Nuriat. "Umeme ukikatika? Kwa kweli sijui, mama. Ngoja nimuulize fundi." Binti akampigia chai ya Ma Jovina ikiwa bado ya moto: kuna betri ya saa sita, ikiisha simu zinahamia kwenye simu ya mkononi. Ma Jovina akaandika pembeni: huyu anajua asichokijua.

Kamati ikachagua ya kwanza. Nayaandika haya kwenye programu ya sherehe ya kumuaga, kando ya keki, kwa sababu hadi leo hakuna aliyeomba radhi.

Mashine mpya ilisema "Karibu" kwa sauti ya kike, ikatulia kidogo, kisha ikaamuru watu wabonyeze moja. Wakulima wetu wakikaribishwa husalimu. Ta Mutalemwa wa Ijumbi alisalimu, akaulizia watoto, akasubiri aitikiwe. Ikamkatia. Alirudia siku tatu. Siku ya nne alipanda pikipiki hadi Bukoba na mkungu wa ndizi, akasimama mbele ya Ma Jovina, akamsihi kwa heshima: "Waitu, nimekukosea nini hata salamu yangu huitikii?"

Alichotaka kujua tangu mwanzo ni siku ya lori la kuchukua kahawa. Lori lilikuwa limepita jana yake, na kahawa yake ya msimu mzima, aliyoitoa nje mapema kwa kubahatisha siku, iliachwa kwa kuwa ilikuwa imenyeshewa. Kamati iliita hiyo "changamoto ya watumiaji". Mimi naiita dharau.

Ma Jovina hakufoka. Alimwingiza mzee, na mkungu wake, katikati ya kikao, akawasha kipaza sauti na kumwomba apige simu ile ile. Wajumbe wote walisikia mzee akisalimu na mashine ikimkatia. Mkataba ulivunjwa wiki hiyo. Tangu hapo tuko na kina Nuriat.

Ungedhani somo limeeleweka. Sasa uongozi unataka kuifuta nafasi yake, na wiki iliyopita aliombwa arekodi sauti iwekwe kwenye mashine itakayopokea simu badala yake. Alikataa kwa upole: "Mtanirekodi nikisema karibu. Nikisikiliza, mtanirekodije?" Swali hilo namuulizia tena hapa, hadharani.

Ma Jovina, tunakushukuru. Nenda nyumbani Kamachumu ukafurahie migomba yako na wajukuu wako, ukiwa na afya na utulivu. Simu ikilia, safari hii usikimbie.

Ninyi viongozi, Jumatatu saa mbili asubuhi Ta Mutalemwa atapiga. Atasalimu, kisha atasubiri.