Lango la Mlima wa Skori

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa kiwanda. Akina baba na akina mama mliofika kwa miguu na kwa baiskeli:

KARIBU
Karibu Likasi, karibu kwenye mlima wetu wa skori, mabaki meusi ya tanuru. Tunasema "wetu" kwa mazoea tu. Tunajua leo umekuja kuuwekea lango na kufuli. Tumeombwa tupige makofi. Tutapiga.

TULIKOTOKA
Mwaka 1992 tanuru la kiwanda lilipozimwa, sisi wafanyakazi wake kumi na mmoja tulianza kuyeyusha pistoni na sufuria kuukuu, tukichanganya na unga wa skori ili alumini isilike upesi. Mara ya kwanza unga ulikuwa na unyevu: metali iliruka, kofia ya mwenzetu Papa Firmin ikateketea. Tukajifunza kuukausha motoni. Bado ulifanya madonge, mpaka Mama Marceline, aliyekuwa akituuzia chakula, aliposhindwa kunyamaza.

"Papa Firmin, weye hauyue kukoroga bukari, sasa metali ndio utayua?"

"Mama, huku haiko jikoni."

"Basi ukule ile madonge yako. Leta mwiko."

Alikoroga kama ugali wa watu ishirini. Madonge yakaisha. Tangu siku ile yeye ndiye fundi wetu mkuu, na Papa Firmin huosha sahani.

MATUNDA YA KAZI
Puli zetu, magurudumu ya mkanda, zinazungusha vinu vya mahindi hadi Kakanda. Bushi zetu zina mwaka wa pili katika taksi-basi ya Bwana Bertin. Hata gari lililokwama juzi kwenye barabara ya Koni lilitengenezwa kwetu. Dereva wako alituomba tusimtaje.

SHIDA
Mkandarasi wako alitafuta bawaba imara za lango hili, akaelekezwa kwetu. Tulisubu nne, kwa skori ya mlima huu huu. Hatukuziharibu, kazi mbaya hatukuisomea. Lakini bila skori tanuru letu litapoa kesho, na familia kumi na mbili pamoja nalo.

OMBI
Hatuombi lango ling'olewe. Ni zuri mno. Tunaomba lifunguliwe Jumanne na Ijumaa, tuingize mikokoteni sita, mlinzi akituhesabu.

Bawaba tumezijaribu. Kwa mteremko huu, lango linafunguka kwa kidole kimoja. Kulifunga kunahitaji wanaume wawili. Tafadhali, jaribu mwenyewe.

Mungu akupe afya, akujalie mkono mwepesi.

Ni sisi, Wayeyusha Mabaki wa Likasi.
Imesomwa na Evariste Kazadi, katibu.